Kwa Shangazi wa Karanga: "Laki nane yangu nimpe mshauri au ninunulie mahindi?"

*Shikamoo shangazi. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Kihonda, Morogoro. Mkataba wangu wa kazi ya hoteli uliisha mwaka jana na hawakuniongezea. Nimevunja hisa zangu za kikoba, nikachanganya na akiba kidogo, nina laki nane. Nataka kutengeneza unga wa lishe wa watoto. Kinachonisumbua ni ushauri. Niko kwenye magrupu manne ya WhatsApp ya ujasiriamali na kila mtu anasema lake. Yupo mwalimu mmoja anatoza laki moja na nusu kwa semina ya siku mbili. Anatoa cheti, fomula ya unga wenye vitu kumi na viwili, na mchanganuo wa biashara ambao tayari umeshaandikwa, anasema ukienda nao benki hawakukatai. Kaka yangu anasema nisimpe mtu hata senti, biashara inajifunza humo humo. Nimsikilize nani?*
*— Mwenye Laki Nane, Kihonda*

Marahaba mwanangu. Kabla ya mwalimu wako, ngoja nikusimulie ukurasa wa saba.

Mwaka 2006 nilikuwa nakaanga karanga uani kwangu Mwananyamala, napeleka mashineni, narudi na siagi ya karanga, nauza kwenye vikopo. Nikaambiwa bila mchanganuo nitazeekea uani. Akaja bwana mmoja, tai imekaza, mkoba wa ngozi, maneno laini. Akanitoza hela ambayo ningenunulia karanga za mwezi mzima. Baada ya wiki mbili akaniletea kitabu kizuri, kimejalidiwa, jina langu limeandikwa juu kwa herufi za dhahabu. Nilikipangusa vumbi kila siku hadi siku ya kwenda benki.

Dada wa mikopo alikifungua, akasoma taratibu, akafika mahali akaziba mdomo. Akanigeuzia. Kilikuwa cha Kiingereza, kwa hiyo akanitafsiria: "Vifaranga vitachanjwa kideri siku ya saba na siku ya ishirini na moja." Karanga zangu mwanangu, zichanjwe kideri! Yule bwana alikuwa na mchanganuo mmoja wa kuku wa mayai, anambadilishia kila mteja jina na picha ya juu. Ukurasa wa saba alisahau kuubadilisha.

Wengine wananiambia nilitapeliwa. Sawa, nilitapeliwa. Ila kitabu kile nilikaa nacho siku kumi na moja na sikumwomba mtu hata mmoja anisomee, kwa sababu nilitaka kiwe kweli. Ukishataka jambo liwe kweli, wa kukushauri anakuwa na kazi nyepesi sana.

Sasa mwalimu wako. Simjui, na huenda ni mtu mzuri. Tuangalie anachouza. Mchanganuo ulioandikwa kabla hajakuona, hajui utanunua mahindi wapi, hajui mashine iko umbali gani na nyumbani, huo ni kuku wangu wa mayai. Benki au mfuko wowote wa mikopo wa maana, afisa atakuuliza maswali mawili tu yanayotoka kichwani mwako: kilo moja inakugharimu shilingi ngapi mpaka iingie kwenye mfuko, na nani ameshanunua? Ukianza kufunua kurasa kutafuta jibu, ameshajua.

Halafu hiyo fomula ya vitu kumi na viwili. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo mtoto wa mwenzio anaingia. Ukiweka mahindi, mtama, ulezi, uwele, ngano na mchele kwenye mfuko mmoja, umeweka wanga mara sita. Mfuko unaonekana umejaa elimu, mtoto anapata ugali mwembamba. Soya nayo haiingii mashineni mbichi. Soya mbichi ina kitu kinachozuia mwili usiitumie protini yake, na kinachokiondoa ni moto. Ndiyo maana wanaojua kazi wanaichemsha, wanaiambua maganda, wanaianika, ndipo wanasaga. Mwulize mwalimu wako soya anaifanyaje. Akikwambia "unaiosha tu unachanganya", aga ondoka.

Karanga ndiyo darasa langu. Karanga ina mafuta, na ukiisaga kwenye unga ukauweka dukani kwenye joto, yale mafuta yanachacha. Mteja anafungua mfuko wiki ya sita anakutana na harufu ya rangi ya ukutani. Hiyo ni hasara ya jina. Kubwa kuliko hiyo ni sumukuvu. Ule ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyokaushwa vibaya unaacha sumu ambayo huioni, huionji, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mimi nilikuwa nachambua kwa mkono, punje kwa punje, kwenye ungo mweupe: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye doa, iliyopasuka, zote zinatoka. Vijana wangu walikuwa wanalalamika kwamba natupa hela. Nilikuwa natupa hela kweli. Sasa mtu anakuuzia fomula ya chakula cha mtoto wa miezi minane kwa laki moja na nusu bila kutamka neno sumukuvu? Huyo hata angefundisha bure ningekukataza.

Tuje kwa wa kumsikiliza. Upo Morogoro, mwanangu, umelalia mkeka wa dhahabu unaomba jamvi. Chuo Kikuu cha Sokoine kiko hapo hapo, wana watu wa teknolojia ya chakula na watu wa lishe ambao kazi yao ni hiyo hiyo. Usiende na swali la "naomba ushauri wa biashara", utazungushwa mpaka uchoke. Nenda na swali dogo: "Nachanganya mahindi, soya na ulezi, nimekaanga hivi, nimeanika hivi, je, kiasi cha soya kinatosha?" Swali dogo mtu analijibu akiwa amesimama mlangoni. Swali kubwa linaitiwa kikao.

SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ni ya kwako. Shirika hilo limekuwepo tangu 1973, kila mkoa wa bara lina ofisi, na usindikaji wa vyakula ni miongoni mwa mafunzo yao ya siku nyingi. Mafunzo yao nayo yana ada, sikudanganyi, ila unafundishwa na jiko likiwaka, na mwalimu hatahama mjini kesho yake. Kitu watu hawakijui: mjasiriamali mdogo anayetaka alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, huanzia SIDO, wanakupa barua ya utambulisho, na barua hiyo inakupunguzia mzigo wa gharama. Nimeona watu wakilipa madalali wa "kukusaidia kupata TBS" wakati barua iko mwendo wa bodaboda moja.

Na hapo hapo nikupe kipimo cha mshauri yeyote wa vyakula. Mwulize chakula kinasajiliwa wapi. Zamani ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na lebo zangu za mwanzo zilikuwa na namba yao. Mwaka 2019 mambo ya chakula yalihamishiwa TBS, na TFDA ikageuka TMDA, wakabaki na dawa na vifaa tiba. Mshauri anayekutuma TFDA leo, notisi zake zimelala miaka. Kipimo cha pili: akikwambia uanze na ile mistari ya bakodi "ili bidhaa itambulike", mwulize inathibitisha nini. Bakodi haisemi kama unga wako ni mzuri. Inamwambia mashine ya dukani huu ni mfuko gani, basi. Hata 620 ya mwanzo inaonyesha namba imetolewa kupitia Tanzania, haionyeshi kitu kimetengenezwa wapi. Utaihitaji ukifika supamaketi. Leo unahitaji mizani.

Ushauri bora kuliko wote nilioupata nilipewa na kijana wa mashine ya kusaga pale Mwananyamala, mikono myeupe mpaka viwikoni. Kila wiki nilikuwa napeleka karanga. Siku moja akaniuliza, "Mama, huwa unapima unachotoka nacho?" Nikamjibu nanunua kilo kumi, natoa kilo kumi. Akacheka, akaweka ndoo yangu kwenye mizani yake. Kilo nane na kidogo. Maji yalipotea kwenye kukaanga, maganda yalipotea kwenye kupepeta, punje mbovu nilizitupa mwenyewe, na nyingine ilibaki imeng'ang'ania ndani ya mashine. Miaka miwili nilikuwa napanga bei kama niliyepata kilo kumi. Kwa hiyo kila kilo kumi nilizonunua, karibu mbili nilikuwa nagawa sadaka bila thawabu.

Yule kijana hakuwa na la kuniuzia. Nilikuwa mteja wake nikipata faida au hasara. Ndivyo ninavyowapima watu mpaka leo: huyu anapata nini nikimfuata, na anapata nini nisipomfuata? Mwuza mashine atakwambia tatizo lako ni mashine. Mwuza vifungashio atakwambia ni vifungashio. Hawadanganyi, kila mmoja anaona kutokea kwenye kibanda chake.

Kaka yako ana nusu ya ukweli. Biashara inajifunza humo humo, ila si kwa laki nane zote. Toa elfu themanini. Nunua, chambua, saga, pima kilichotoka, andika kila kitu mpaka nauli ya bajaji na mkaa. Uza kwa watu ishirini wasio ndugu zako; shangazi zako watasifia hata vumbi. Baada ya wiki tatu usiwaulize kama walipenda. Angalia wangapi wamerudi.

Kuhusu wenzako wa kazi, usimwendee anayeuza unga wa lishe Kihonda, atakupa njia ya kukupoteza, na ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Panda basi nenda Dodoma au Dar, tafuta mama anayeuza kitu hicho hicho. Wewe si mshindani wake. Nunua mifuko mitatu, lipa bei yake bila kupunguza, ndipo uulize. Au subiri Nanenane, uwanja uko hapo kwenu. Usiende siku ya ufunguzi, siku hiyo kila mtu amevaa tabasamu la mgeni rasmi. Nenda siku za mwisho, wenye mabanda wamechoka, miguu imevimba, wanahesabu gharama ya banda. Kaa kwenye kiti chao cha plastiki uulize, "Mwaka wa kwanza ulipoteza nini?" Mtu aliyechoka hana nguvu ya kutunga.

Hiyo laki moja na nusu ibakize, mwanangu. Cheti cha semina hakisagi unga.

*Shangazi, sisi ni wanawake watano wa Mbagala, tunashona sare za shule na mapazia. Tunataka ule mkopo wa halmashauri wa asilimia kumi. Kuna kaka anasema anajua watu, tumpe laki mbili za kufuatilia na jina letu litapita. Wawili kati yetu wameshakubali. Tufanyeje?*
*— Vyerehani Vitano*

Msimpe. Na wale wawili waliokubali waambieni na nauli wasimpe.

Fedha ile ni asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, na mgawo wake uko kwenye sheria: asilimia nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Haina riba. Mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, mtu mwenye meza na kiti, mnaweza kumfuata kesho saa mbili asubuhi. Mnakumbuka Aprili 2023 serikali iliisimamisha? Ilisimama kwa sababu hela zilikuwa hazirudi na vikundi vingine vilikuwa hewa, majina bila watu. Ilirudi 2024 na masharti mapya. Sasa huyo kaka wa kufuatilia ni mtoto wa zama zile za hewa. Akiwasumbua, TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wanapokea simu 113, hamlipi hata vocha.

Kipimo chepesi cha malipo yoyote ya serikali, iwe leseni, iwe kusajili jina la biashara BRELA: mnapewa namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, mnalipa benki au kwa simu na jina la taasisi linatokea kabla hamjabonyeza kukubali. Likitokea jina la Juma au Rehema, rudisheni simu kwenye pochi.

Ninalotaka kuwauliza mimi ni jingine. Mnashona pamoja, au mmeungana kwa ajili ya fomu? Nimeona kikundi cha Temeke kilichopata hela Jumatatu, Jumanne kikagawana sawa kwa sawa kila mtu akaenda kwake. Mmoja akanunua friji. Rejesho la tatu wakaanza kukimbiana sokoni, na majirani waliokuwa wanakopeshana chumvi hawasalimiani mpaka leo. Kabla ya fomu, chukueni oda moja ya sare, hata ya watoto thelathini, mkate pamoja, mshone pamoja, mgawane hela yake mezani. Mkimaliza bila kununiana, nendeni kwa afisa.

Na huku mnasubiri msije mkajaza pengo kwa mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kunyonya. Mkopeshaji halali ana leseni ya Benki Kuu, na orodha iko wazi kwenye tovuti yao. Novemba 2024 Benki Kuu yenyewe ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na kibali. Anayetaka kuona namba zote za simu yako kabla hajakukopesha, anazitaka za kukuaibisha.

*Habari za kazi shangazi. Mimi ni fundi wa viti na vitanda, Dodoma. Rafiki yangu ananishauri nisichukue TIN, ile namba ya mlipa kodi, nitajitafutia watu wa kodi, TRA. Mwingine wa steshenari anataka elfu hamsini anitengenezee. Kweli TIN inauzwa?*
*— Fundi Randa*

Njema baba. TIN ni bure. Unahitaji namba yako ya NIDA. Wa steshenari unaweza kumlipa hela ya kukujazia na kuprinti, elfu mbili tatu, ni jasho lake. Elfu hamsini ni jasho lako.

Rafiki yako anaogopa kitu ambacho hajakipigia hesabu. Chukua viwango vya Sheria ya Fedha ya 2019: mwenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka halipi kodi ya mapato. Anayeuza kati ya milioni nne na saba, akiwa na kumbukumbu za mauzo, analipa asilimia tatu ya kile kilichozidi milioni nne. Asiye na kumbukumbu analipa laki moja moja kwa moja. Sasa sema umeuza vitanda vya milioni tano na laki mbili. Kilichozidi ni milioni moja na laki mbili, asilimia tatu yake ni elfu thelathini na sita. Mwenzio aliyeuza sawa na wewe bila kumbukumbu ametoa laki. Tofauti ni elfu sitini na nne, na daftari la kaunta halifiki huko. Ukienda ofisini kwao waombe wakuandikie viwango vya mwaka huu kwenye karatasi, wapo wa dawati la elimu kwa mlipa kodi na hawaumi.

Daftari lenyewe liweke karibu na randa, si nyumbani. Mimi la kwangu lilikuwa linaning'inia kwa kamba kwenye mlango wa jiko, lina mafuta ya karanga kila ukurasa, na afisa aliyekuja kulikagua alilipokea kwa vidole viwili. Alilikubali.